Kuchagua Divai Bila Kuionja

Siku yangu ya kwanza kazini, katika nyumba ya Administrata wa Teritori, yaani Mzungu mkuu wa wilaya, pale Kasongo, niliulizwa swali moja tu.

"Unakunywa pombe?"

"Hapana, Bwana. Mimi ni Mwislamu."

"Basi utashika ufunguo wa kava."

Kava ni chumba cha kuhifadhia divai. Chetu kilichimbwa nusu chini ya ardhi, kuta za mawe, bila dirisha. Sheria ya wakati ule ilimkataza mtu mweusi kunywa divai, lakini Bwana hakuitegemea sheria; aliitegemea dini yangu. Mpishi wetu Anakleti, Mkristo wa kabila la Kizimba, alicheka hadi akaweka sufuria chini. "Mutu bila meno ndiye analinda nyama!"

Kazi niliijua kwa macho na pua. Bwana alinifundisha kwamba chupa hulazwa ili kizibo kisikauke. Kikikauka, hewa huingia na divai hugeuka siki. Nyekundu ya zamani ina mashapo, yaani uchafu unaotulia chini, kwa hiyo husimamishwa tangu jana yake na kumiminwa taratibu. Kila nilipofungua chupa nilinusa kizibo. Kikinuka kama ukuta wenye ukungu, chupa hiyo haikufika mezani. Mengine niliyasoma mwenyewe kwenye karatasi za chupa, neno kwa neno, kwa kamusi iliyochakaa.

Bwana alipohamishiwa Kabambare, mimi na Anakleti tulikwenda naye. Huko nilimpenda Zaina, binti wa Mwalimu Ramazani aliyesomesha watoto Kurani. Shangazi yangu, aliyeolewa Kabambare, alinipelekea posa. Alirudi na jibu ambalo halikuwa ndiyo wala hapana.

"Amesema hivi: Saidi namujua, hana matata. Lakini mikono inayomimina divai kutwa, nitatiaje mutoto wangu ndani yake? Niache nimuangalie kwanza."

Nikaangaliwa miezi mingi. Mwalimu alipita, akaitikia salamu yangu, akaenda zake.

Mvua zilipoanza kupungua, Madame, mke wa Bwana, alisema kwamba kwao sasa ni prentan, majira ambayo baridi huisha na watu hula nje majanini. Akataka pikiniki kwenye kijito chini ya kilima. Bwana akawaalika na wazee wa mji, Mwalimu Ramazani mmoja wao.

"Divai chagua wewe," Bwana aliniambia. "Ya majanini isiwe ya kufikiriwa sana."

Nyekundu nzito niliziacha kavani, maana njia ya mashimo ingetibua mashapo yake na jua lingeipika divai yenyewe. Nilichukua nyeupe kavu kwa ajili ya samaki wa mto Lualaba, na roze, divai yenye rangi ya waridi, kwa ajili ya kuku baridi. Zote mbili hutaka ubaridi, na barafu hatukuwa nayo. Tulikuwa na kijito.

Wazee waliagiziwa limonadi, soda ya ndimu, lakini lori la kutoka Kasongo halikuileta. Shangazi akakamua mananasi, akatia tangawizi, akajaza mitungi mipya ambayo haijawahi kuguswa na kitu. Mtungi hupoza kwa sababu udongo wake hupitisha maji kidogo kidogo. Kwa hiyo mitungi niliiweka upande wa juu wa kijito, na divai upande wa chini, ili maji yaliyogusa chupa yasifike kwenye kinywaji cha wazee. Kisha nikaenda kutandika mikeka.

Niliporudi, nilisikia harufu ya roze kabla sijafika. Anakleti aliona chupa ziko juani akazihamishia kivulini, upande wa juu, maji yanakotoka kuelekea kwenye mitungi. Moja ilikuwa imegonga jiwe ikavunjika.

"Nyamaza tu," alisema. "Mitungi iko na vifuniko. Nani atajua?"

"Udongo unakunywa, Anakleti."

"Saidi, baba mukwe wako anangoja pale na kiu!"

Hilo nililijua kuliko yeye. Nikamwaga mitungi yote majanini, nikaenda kusimama mbele ya mikeka.

"Mwalimu, kinywaji chenu nimekimwaga." Nikaeleza sababu, Bwana akisikia. Uso wa Bwana ulikuwa mwekundu. Wageni aliowaalika mwenyewe hawakuwa na cha kunywa.

Mwalimu aliuliza kama aulizavyo wanafunzi. "Maji yale yanatembea?"

"Yanatembea, Mwalimu."

"Mengi?"

"Mengi."

"Na chupa ni moja."

"Moja."

Akaanza kucheka polepole. "Basi hakikuharibika kitu, mutoto wangu. Maji mengi yanayotembea hayachafuki hivyo. Ungeniuliza, sasa hivi tungekuwa tunakunywa nanasi."

Wazee wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Tangawizi nayo kamwaga!" Nilitamani ardhi ipasuke.

"Niliogopa kukuuliza," nikasema. "Ungelazimika kukataa kinywaji cha Bwana mbele yake. Nikaona bora aibu iwe yangu."

Kicheko kilikwisha. Mwalimu alinitazama mikono kwa muda mrefu.

"Panda kule juu, ukachote maji. Uniletee wewe mwenyewe."

Alikunywa mbele ya wote, akanirudishia kikombe. "Ongeza," akasema. Kabla Ijumaa haijafika, shangazi aliitwa kwake.

Baada ya harusi, Mwalimu aliniomba nitafute kazi nyingine, bila kunisukuma. Bwana akaniweka kwenye stoo ya dawa ya teritori, na huko nilibaki hadi kustaafu. Chupa za dawa nazo zinataka kivuli na kizibo kizuri, sikuanza upya.

Vijana huniuliza kama kweli sikuionja hata mara moja. Kweli. Zaina hakuniuliza kamwe baba yake alipokuwa hai. Mwaka mmoja baada ya mazishi yake, tukiwa tumekaa barazani mvua imekatika, alisema, "Ile nyeupe. Ilikuwa namna gani?"

Nilifikiri kidogo, maana nilitaka nimjibu sawasawa. "Kama jiwe lililonyeshewa sasa hivi," nikamwambia. "Na ganda la ndimu. Halafu kwa mbali, maua."

Alifumba macho, akavuta pumzi.

"Basi," akasema, "nimekunywa."