Kibuyu cha Mama Kulwa

Harufu ya kibuyu kilichofukizwa moshi, kikiwa kimejaa maziwa ya mgando, hunirudisha moja kwa moja nyuma ya kanisa letu kule Iyula, miaka ya tisini, msimu wa mavuno. Hapo ndipo mnada wa sadaka ulipofanyika kila Jumapili baada ya ibada. Asiye na fedha alileta madhabahuni alichokuwa nacho, debe la mahindi, kuku au mkungu wa ndizi, na wengine wakakinunua nje. Mnadishaji alikuwa baba yangu, mzee wa kanisa, aliyependwa kwa utani wake. Nilisimama karibu naye, nikiwa na miaka tisa, nikijiona binti wa mtu mkubwa.

Usharika wetu ulijisifu kwa kupokea watu wote. Walikuwemo Wanyiha wenye mashamba ya kahawa, Wandali, Wanamwanga na walimu waliotoka mbali. Mahubiri yalikuwa kwa Kiswahili, na wimbo ulikuwa kwa lugha ya yeyote aliyeuanzisha. Mwaka ule ikaja familia ya wafugaji, imehama kutoka bondeni Momba na ng'ombe wake. Mchungaji akawasimamisha mbele, akasema, "Katika nyumba hii hakuna mgeni," nasi tukapiga makofi mengi. Jumapili iliyofuata mama wa familia hiyo, Mama Kulwa, alikwenda madhabahuni na kibuyu cha maziwa, akakiweka chini kwa mikono miwili.

Nje, mahindi yalinunuliwa, kuku wakanunuliwa. Baba akainua kibuyu. "Haya, mia tano! Maziwa ya ng'ombe waliotembea kutoka Momba!" Hakuna mkono ulioinuka. Sisi tulikuwa watu wa chai ya rangi. Maziwa yenye harufu ya moshi hatukuyazoea. "Mia tatu!" Kijana mmoja akampazia baba sauti kutoka nyuma, "Baba Tumaini, onja wewe kwanza!" Baba akafungua kifuniko, akanusa, akarudisha kichwa nyuma. "Jamani, mimi bado nina watoto wadogo!"

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Nami nilicheka, tena kwa fahari, maana mtoto mdogo mwenyewe nilikuwa mimi. Kisha nikamwona Mama Kulwa. Alikuwa akitabasamu, kama mtu anayengoja kuelezwa. Baba akashuka hadi mia moja. Mchungaji, aliyesimama mlangoni, alitazama viatu vyake. Ndipo Mama Kulwa akainua mkono. "Mia tatu," akasema taratibu. "Nanunua mimi, mzee." Baba akahesabu kama desturi, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, lakini sauti ilikuwa imemwishia. Yule mama akafungua fundo la khanga, akalipa, akajitwisha sadaka yake mwenyewe, akaondoka nayo.

Jumapili iliyofuata alirudi. Alileta mahindi, kama sisi. Yalinunuliwa upesi, baba akiyasifu kwa sauti kubwa. Maziwa hakuyaleta tena.

Siku hizi baba hana meno mengi, na mgando ndio chakula chake cha jioni. Nikitoka Tunduma humnunulia kwa kina mama wa wafugaji wanaouza kando ya barabara Nanyala, naye humaliza kikombe kizima. "Mwanangu, haya yana moshi mzuri," husema, akipangusa midomo. Mimi husuuza kikombe. Usharika una jengo jipya, na juu ya mlango wameandika kwamba wote wanakaribishwa. Mnada upo bado, na mnadishaji wa sasa naye ni hodari wa utani. Nami bado huanza kucheka kabla sijatazama kilichoinuliwa ni cha nani.