Punda Mia Moja wa Kwa Vonza

Kalekye Musyimi alifundisha hesabu miaka thelathini na mmoja, na hajawahi kubishana na mtu kabla ya kuhesabu. Mumewe Evanson, mzee wa kanisa, huona kuhesabu ni kazi ya wasiojua.

"Punda wa kahawia ni mkaidi," Evanson alisema asubuhi moja. "Baba alijua, babu alijua. Jumamosi ijayo Meneja anaenda mnadani."

Meneja, punda wao wa kahawia, ndiye anayebebea miche ya miembe ya Kalekye maji. Bila yeye, miche mia tatu ingekauka. Lakini asubuhi hiyo alikuwa amesimama barabarani saa nzima na mitungi minne, kama mtu anayengoja mkutano uanze.

"Baba Kavata, nipe hiyo wiki," Kalekye akasema. "Nikikuta wa kahawia wanagoma zaidi kuliko wa kijivu, nitamfunga Meneja kamba mwenyewe."

Alipanga kuwahesabu punda mia moja kisimani Kwa Vonza. Kila punda aliandikwa rangi yake, na kama aliondoka kwa amri ya kwanza au aligoma. Ili asimhesabu mmoja mara mbili, alimchora kila punda mstari wa chaki begani.

Hapo ndipo kazi ilipoharibika.

"Mwalimu, hiyo chaki ni ya serikali?" aliuliza Mutisya, mchuuzi wa maji.

"Ni yangu."

"Sawa. Nyasi zinakuja lini?"

Kufikia Jumanne kijiji kizima kilijua kwamba punda mwenye chaki atapewa nyasi za bure. Punda walifika kisimani wakiwa wamekwisha kuchorwa, mmoja mistari saba. Mutisya alimleta ndama. Kalekye alichana kurasa zote za hesabu hiyo, akaanza upya Jumatano kwa rangi ya kucha ya zambarau, ambayo hakuna mwanamume aliyethubutu kuiiga.

Ijumaa jioni aliweka daftari mbele ya mumewe.

"Kijivu sitini, kahawia arobaini. Waliogoma ni ishirini na watano. Kama rangi haina neno, tungetarajia wagome kijivu kumi na watano, kahawia kumi. Waliogoma ni kumi na wanne na kumi na mmoja."

"Si umeona? Kahawia wamezidi."

"Kwa punda mmoja, Baba Kavata. Bahati tu yaweza kumsukuma punda mmoja. Nimepima pengo lote kwa kai-mraba, kipimo cha kutenga bahati na sababu, nikapata sifuri nukta mbili mbili. Ningehitaji tatu nukta nane nne ndipo nishuku rangi."

Evanson alikunywa chai, akaweka kikombe chini kwa utulivu uliomtia mkewe wasiwasi.

"Basi nimekubali. Rangi haina kosa," akasema. "Ukaidi ni wa Meneja mwenyewe. Nitamuuza kwa tabia zake."

Hoja ilikuwa safi. Kalekye angempa mwanafunzi alama zote. Alitazama miche yake dirishani, kisha akafungua ukurasa wa nyuma wa daftari, aliokuwa ameapa kutouonyesha.

"Hii ni ya Meneja peke yake, tangu Januari. Safari ishirini na nne. Kumi na mbili alizoongozwa nami, aligoma mbili. Kumi na mbili alizoongozwa nawe, aligoma tisa."

"Na hiyo kai yako inasemaje?"

"Nane nukta mbili."

Evanson alisoma ukurasa mara mbili, akitafuta kosa la kujumlisha.

"Hilo halithibitishi kwamba sababu ni mimi," alisema mwishowe.

"Halithibitishi. Yaweza kuwa fimbo unayomswaga nayo. Ndiyo maana inabidi tujaribu bila fimbo."

Kesho yake, Jumamosi, Meneja alikwenda Kwa Vonza, lakini alipita lango la mnada akaelekea kisimani. Kalekye alitangulia. Evanson alifuata hatua kumi nyuma, kama alivyoagizwa, mikono mitupu, daftari kwapani.

"Ameondoka kwa amri ya kwanza," alisema walipokwisha kupakia. "Niandike wapi?"