Tembo Nyuma ya Kanga

Ulikuwa mwaka ule tuliokula ming'oko kwa siagi ya kopo. Mtu wa Newala hahitaji maelezo zaidi. Mvua ilitutupa, muhogo ukawa mwembamba kama kidole, tukaingia porini kuchimba ming'oko, vile viazi mwitu vyetu vya siku za shida. Lakini biashara ilikuwa imefunguliwa, na vitu vya nje vilijaa madukani mpaka barazani. Basi tukala njaa yetu na siagi juu yake.

Korosho hazikujali ukame. Mkwe wangu, mume wa binti yangu, aliziuza kwa wale wanunuzi wapya waliokuwa wakigombania magunia, akarudi na pikapu ya mtumba. Pale kijijini kwetu Mkunya watu walikuja kuishika kama wanampa mtu pole.

Huyu mkwe nimweleze. Alioa kwetu na kujenga kwetu, na tangu siku hiyo mimi na yeye hatukutazamana usoni. Ndiyo heshima ya mama mkwe. Hatuli pamoja, hatuzungumzi ana kwa ana. Akitaka kupita uani anakohoa, nami nageukia ukuta. Nikitaka kupita nakohoa mimi, yeye anajitupa nyuma ya mkorosho. Nilimjua kwa kikohozi na kwa visigino. Visigino vizuri, vya mtu anayelima.

Binti yangu aliposema mumewe anataka kutupeleka mbuga ya wanyama, ng'ambo ya Masasi, nilifunga kifurushi changu kabla hajamaliza kusema. Nilikuwa na deni na dada yangu mkubwa, na si deni la fedha. Yeye aliolewa bondeni, karibu na Ruvuma, ambako tembo huingia mashambani. Kila akipanda kututembelea huku juu ananiuliza mbele za watu, "Mdogo wangu, unazeeka hujamwona tembo? Sasa wewe umeona nini duniani? Umeona kuku." Nilitaka kumwona tembo, mzima, nimnyamazishe.

Nilisafiri nyuma, kwenye bodi, juu ya mkeka, nimekumbatia dumu langu la maji maana mtu wa kwetu haachi maji nyumbani. Nilimpa mkwe mgongo. Uwanda wetu wa juu niliushuka kinyumenyume, na Masasi niliiona ikiwa tayari tumeshaipita, ile milima yake ya mawe imekaa kama wanawake wanaosubiri zamu kisimani.

Getini askari wa mbuga akasimamisha gari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Huko nyuma hapakaliwi, kuna simba. Ingia mbele kwenye kiti."

"Kwenye kiti yupo mkwe wangu."

"Ndiyo, si ndiye dereva?"

"Basi umeshaona tatizo."

Hakuliona. Alikuwa kijana wa mikoa ya mbali, huko wanakokula na wakwe zao sahani moja. "Bibi," akasema, "simba hajui mambo ya mkwe."

Nikamjibu: "Uso wa mkwe wangu siutazami. Simba akitaka kunila, anile."

Binti yangu akaanza kulia. Alikuwa mjamzito, anatapika tangu Masasi, na sasa aliona safari imekufia getini. Machozi yake ndiyo yaliyonishusha kwenye bodi. Kiti kilikuwa kimoja kirefu. Yeye ilibidi akae dirishani na tumbo lake na matapishi yake. Mjukuu wangu, kitoto cha kike kisicho na meno ya mbele, tukamweka kati yangu na baba yake awe ukuta. Ukuta wenyewe mfupi! Nikafungua kanga yangu ya juu, nikaifunga kwa kamba toka kwenye kile kioo cha kati cha kutazamia nyuma mpaka kwenye kichuma cha nyuma, ikaning'inia katikati ya gari kama pazia la chumbani. Askari akaingia kibandani kwake. Nilimsikia akicheka huko.

Njia ya mbuga ile haikuchongwa na mtu. Ni mawe na makorongo, gari linapanda kama mbuzi. Na mkwe, kwa sababu ya kanga, haoni kushoto. Basi ikawa hivi:

"Mama watoto, muulize mama kama upande wake kuna korongo."

"Mama, anauliza kuna korongo?"

"Mwambie lipo, asogee kulia."

"Anasema lipo, sogea kulia."

Salamu zilipofika, tairi lilikuwa limeshaingia. Tukaruka wote, vichwa vikagonga bati. Nikasema, "Mwambie mumeo hata punda hutazama njia."

Kile kitoto kikawahi. "Baba, bibi anasema wewe punda."

Nyuma ya kanga kikatoka kikohozi kirefu sana. Mpaka leo sijui kama ni kikohozi.

Tulipozunguka jabali moja kubwa, gari likasimama, injini ikazimwa. Binti yangu akanishika paja. "Mama! Tembo!"

"Yuko wapi?"

"Kulia."

Kulia kwangu kulikuwa na kanga. Nikajinyoosha. Juu ya upindo nikaona sikio, linapunga taratibu kama ungo unaopeta mtama. Nikainama. Chini ya upindo, kupitia mlango wa dereva uliotoboka kwa kutu, nikaona mguu. Katikati maua ya kanga.

"Bibi, ana mkono usoni!" mtoto akapiga kelele. "Anachuma majani kwa pua!"

Moyo ukaniuma, nisidanganye. Yuko hatua chache, na mimi natazama nguo yangu mwenyewe.

Mkwe akaliona hilo. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama watoto, mwambie mama ashushe kanga amtazame. Mimi nitafumba macho."

"Ufumbe macho?" binti yangu akapiga ukelele. "Tembo yuko mlangoni, dereva afumbe macho?"

"Basi nitajifunika shati kichwani."

Alikuwa ameshafungua kifungo. Mtu mwema yule. Nikasema, na sikumpitishia mtu, niliiambia kanga: "Uso wa mkwe wangu siutazami. Simba akitaka kunila, anile."

Tembo akajamba, mjukuu akacheka, tembo akaondoka.

Dada yangu alipanda wiki iliyofuata.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Tumbo lake likoje?"

 Binti yangu, asiyejua kuficha, akasimulia yote. Dada akacheka mpaka akakaa chini. "Umemwona tembo kama jirani anayeoga uani! Kichwa juu, miguu chini! Nenda zako, wewe bado uko kwenye kuku."

Amekuwa akisema hivyo mpaka leo, na meno hana tena.

Mkwe wangu sasa ana mvi, nasikia, na mimi natembea na fimbo. Juzi kikohozi kikasikika nje, nikageukia ukuta, na binti yangu akaingia na ujumbe. Mumewe amepata gari lingine, lenye viti vya nyuma na vioo vikubwa. Anataka kunipeleka tena nikamwone tembo mzima kabla sijafa. Na kanga, anaomba, safari hii ibaki nyumbani, maana uzee umempunguzia macho na njia ni ileile.

Nikamwambia akamjibu mumewe, neno kwa neno, asipunguze:

"Uso wa mkwe wangu siutazami. Simba akitaka kunila, anile."