Mgunga wa Popo

Nikisikia harufu ya makaa ya mgunga sokoni Lodwar, namwona mama na shoka lake. Ukame ulikuwa umemaliza mbuzi wetu, na watu wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma walinunua makaa.

Mgunga aliouchagua mama kuukata ulikuwa na popo wa mabawa ya manjano. Mchana alining'inia tawini, jioni akawadaka wadudu waliofuata maua. Shoka lilipopiga, aliruka akauzunguka mti, mtoto wake amemng'ang'ania kifuani.

“Mama, sasa atakaa wapi?” nililia.

Mama alimtazama popo yule. Mgongoni alikuwa amembeba mdogo wangu, ambaye njaa ilikuwa imemnyima hata nguvu ya kulia.

“Huyo ana mabawa,” alisema, akainua shoka tena.