Chokea la Shemasi Byamungu

Nilipokuwa mtoto katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, chokea halikuwa ugonjwa. Lilikuwa ushahidi. Ukiamka na kinundu chekundu kwenye ukope, hakuna aliyekuuliza kama kinauma. Uliulizwa ulimchungulia nani akioga. Na mabafu yetu yalikuwa ya turubai kuukuu lenye matundu kila upande, kwa hiyo hukuweza kujitetea kwamba hukupata nafasi.

Langu lilinijia wakati kwaya ya watoto ikijiandaa kwenda kuimba Ngarama, kwenye mkutano wa makanisa. Nilikuwa nimepewa ubeti wa kuimba peke yangu, na kwa mtoto ambaye hajawahi kupewa chochote peke yake, hata mkeka, hilo lilikuwa jambo kubwa. Asubuhi ile jicho la kulia liligoma kufunguka. Nyanya yangu, ambaye sisi watu wa Kivu ya Kusini tulimwita Tate, alininyanyua kidevu akanikagua kama anayechagua nyanya sokoni.

"Mapendo, ulichungula nani?"

"Sikuchungula mutu, Tate."

"Jicho haisemake bongo," akanijibu. Bongo kwetu ni uongo, na kesi ikaishia hapo.

Shemasi Byamungu, aliyeongoza kwaya, hakujisumbua hata kuuliza. Alikuwa mtu mwema, ila aliogopa maneno ya watu kuliko alivyomwogopa shetani. "Mutoto wa jicho kama hii hawezi simama mbele ya makanisa ingine," alimwambia Tate. "Batasema tunafundisha batoto nini?" Nisipopona, ubeti wangu ungepewa mwingine. Nililia sana, na kulia kwa jicho lililovimba ni adhabu juu ya adhabu.

Tate hakuwa mtu wa kukaa kimya mjukuu wake akinyang'anywa. Alining'oa unywele mmoja wa ukope, akaenda nao kwenye njia iendayo kanisani, akapanga vijiwe kama kijumba na kuuficha unywele ndani. Dawa hiyo wote tuliijua: atakayekiangusha kijumba kwa mguu wake ataondoka na chokea, na wewe utapona. Kwa kuwa alikuwa pia kiongozi wa wamama wa maombi, Tate alikiombea kijumba kwanza, Mungu asije akadhani amesahauliwa. Kisha tukakaa mlangoni kwetu tukimenya maharage, kama watu wasiongoja kitu.

Wa kwanza kupita alikuwa nani? Shemasi Byamungu, Biblia kwapani, macho juu. Alikipiga kijumba teke, akapepesuka, akasema "Yesu," akaendelea na safari yake. Tate aliinamia maharage, mabega yakimtetemeka kwa kicheko.

Haikupita wiki. Maombi ya katikati ya juma yalifanyika nyumbani kwetu, na shemasi aliingia na jicho limevimba kama andazi. Siku hiyo hakuna aliyefumba macho vizuri wakati wa sala. Baadaye tulinawa mikono kama kawaida, tukala bugali na sombe la majani ya muhogo, na taulo la Tate likazunguka. Lilikuwa taulo zuri la maua, na kila mgeni alifutia mikono, na kwa joto la bugali akafutia na uso. Kukataa kungekuwa kumtukana mwenye nyumba. Tate hakulifua mara kwa mara, lisije likachakaa.

Mke wa shemasi, Mama Neema, alimwuliza mumewe swali lile lile tuliloulizwa sote. Alipoona jibu halimridhishi, alibeba godoro akahamia kwa dada yake. Tate alifurahi siku moja tu. Siku ya pili Mama Neema alikuja kulia jikoni kwetu.

"Myaka mingi namupikia huyu bwana," alisema, "kumbe anaangaliaka bamama ya batu."

Tate alikoroga uji hadi ukaungua. Akisema ukweli, angeondolewa uongozi kwa kufanya mambo ya mila. Akinyamaza, ndoa ya watu ingevunjika. Akaamua kumwachia Mungu. Mungu naye hakukawia: asubuhi iliyofuata Tate mwenyewe aliamka na chokea.

Mtaa mzima ulicheka. Watu walipita kumjulia hali, na kwa heshima zote wakamwuliza alimchungulia mzee gani. Mimi maumivu yalikuwa yameisha, lakini kinundu kilikuwa kimebaki kigumu kama punje ya maharage, na kituo cha afya kikatutuma Mbarara kwa daktari wa macho. Shemasi naye alikuwa ametumwa huko. Tukasafiri pamoja, kila mmoja akitazama nje kwa jicho lililobaki.

Muuguzi aliyetupokea, mama wa Kinyankore, alitutazama sote, akatikisa kichwa. "Nyinyi munakaa nyumba moja?"

"Hapana," shemasi akasema. "Tunaombaka pamoja."

"Mukiomba, munafanya nini na macho?"

Tukamweleza habari za kuchungulia, za maombi na za chakula, hadi tukafika kwenye taulo. Hapo akatusimamisha.

"Mukaaka," alimwambia Tate, kama Wanyankore wanavyomwita bibi, "kuchungulia mutu hakuleti kitu kwa jicho. Hii ni uchafu inatoka kwa mikono na hiyo taulo. Kila mutu na kitambaa yake. Chovya kwa maji moto, ile unaweza kuvumilia, weka kwa jicho dakika kumi, mara kadhaa kwa siku. Usikamue." Langu, kwa ugumu wake, lingetaka uvumilivu zaidi; likikataa, daktari angelitoa kwa kisu kidogo. Lilisikia neno kisu, nadhani, maana baadaye lilikubali maji.

Tate alifikiri kidogo. "Basi, ile mawe haikufanya kitu?"

"Mawe gani?" aliuliza muuguzi.

"Mawe gani?" aliuliza shemasi, akigeuka polepole.

Tate akamweleza. "Mama," alisema shemasi, "weye njo utasema hayo ku kanisa. Miye nikisema, Mama Neema hataamini."

Jumapili Tate alisimama mbele, jicho moja limefumba. "Miye njo niliweka mawe ku njia," alisema. "Shemasi hakuchungula mutu. Na miye vilevile. Na hii myaka yangu, ningechungula nini?" Kanisa likaangua kicheko. Alingoja kiishe, akaniweka mkono kichwani. "Na huyu Mapendo hakuchungula mutu. Nilimuuliza, akanijibu kweli, miye sikumusikia."

Mama Neema alirudisha godoro. Uongozi Tate aliupoteza. Ngarama walikwenda bila mimi, na naambiwa aliyeimba ubeti wangu aliuharibu, habari ambayo sijawahi kuichunguza.

Siku hizi naishi Kakiika, hapo Mbarara, na nikisimulia haya watu humcheka shemasi. Mimi humfikiria Tate akipanga vile vijiwe. Aliweka cheo chake hatarini kwa ajili yangu huku akiamini kabisa kwamba nilichungulia. Kupendwa, basi, nilikuwa nimepata tangu mwanzo. Kilichoniliza mbele ya kanisa zima, nisiweze kunyamaza hata walipoanza wimbo, ni kwamba siku ile niliaminiwa.