Tai Aliyeitwa Mama Mkwe

Helen hupika samaki katika hoteli ndogo ya ufukweni kisiwani Takawiri. Ndiye aliyempa tai jina la Maro, yaani mama mkwe kwa Kijaluo. "Mtazame," alisema. "Anatuangalia kama amekuta sufuria zetu chafu."

Tai alikuwa wa Magige, mwenye hoteli. Alimfunga mguu kwa kamba ya wavu kwenye nguzo, wageni wapige picha naye. Mguu ulichubuka, na ziwa lote lenye samaki lilikuwa pale mbele yake. Mwaka jana Magige alimkata manyoya ya mabawa. Sasa yalikuwa yameota tena, naye akanunua makasi.

"Bosi, mwache aruke," Helen alimsihi.

"Aende wapi? Hapa anakula bure."

"Hata mimi nakula hapa, lakini jioni naenda kwangu."

Magige alicheka. Kesho atamkata, akasema.

Kesho yake akafika Susana kutoka Ndhiwa, mama yake Millicent, mke wa Magige. Magige ni Mkuria, lakini heshima ya ukweni kwa Wajaluo aliijua vizuri: hukai karibu na mama mkwe, wala huli naye meza moja. Akasalimia kwa mbali, akajificha nyuma ya jikoni. Helen akawa mjumbe wao.

Susana hakuketi. Alimwelekezea tai mwavuli wake. "Huyu anaitwaje?"

Helen alifuta mikono polepole. "Maro, mama."

"Maro? Nani amemfunga?"

"Mkwe wako."

"Basi mwambie mimi sili kwenye boma ambalo mama mkwe amefungwa mguu."

Helen alikimbia jikoni, uso ameutia huzuni. "Bosi, mama amekataa kula."

"Samaki hana chumvi?"

"Ana kamba."

Magige alielewa. Mama mkwe akiondoka na njaa, Ndhiwa nzima itajua. Alinung'unika kwa Kikuria, maneno ambayo Helen hakuyajua na hakuuliza. "Mkate! Kamba, si manyoya. Haraka!"

Helen alimfunika tai kwa leso aliyojifunga kiunoni, akaikata kamba kwa kisu cha samaki. Tai alitembea kama kuku aliyelowa, akagonga kiti. Watu walicheka, Helen hakucheka. Kisha mabawa yakapata upepo. Tai akapita juu ya mashua, akatua kwenye mti wa mbali na kupiga kelele moja ndefu.

Susana akavuta kiti. "Haya, leteni huyo samaki. Nimetoka mbali."