Kawira na Usukani Uliotetemeka

Kwanza tuelewane: Kawira hakugonga kitu. Garage ndiyo ilisema amegonga ukingo wa barabara, eti shokabsoba zimeharibika, badilisha zote. Ikapiga stempu, ikampa madam, mwajiri wake, karatasi. Hakuna mtu aliyefungua hata gurudumu moja.

Kawira ni dereva wa nyumba huko Al Wukair, nje ya Doha, mwaka wa tatu sasa. Anapeleka watoto shule, halafu anampeleka madam, mama yao, kazini West Bay kwa Landcruiser nyeupe. Jumapili hiyo walikuwa kwenye haiwei, akakanyaga breki, na usukani ukaanza kumtetemekea mikononi kama mtu wa malaria. Kahawa ya madam ikaishia kwenye abaya.

Jumatatu jioni madam akamwita, karatasi ya garage mkononi.

"Alhamisi tunaenda baharini na watoto. Gari ikiwa bado inatetemeka, khalas, imeisha, ofisi ya madereva italeta dereva mwingine."

"Madam, mimi sikugonga."

"Karatasi inasema uligonga."

"Basi nipe siku mbili nikuonyeshe shida iko wapi."

Madam akamtazama, akapunga mkono: nenda.

Mwingine angeanza kutuma voice note za kulia kwa kila cousin aliye Doha. Kawira alienda kulala. Huyu ni mtu aliyeendesha canter ya viazi ya babake kutoka Timau, kwa Ameru, kwenye ile miteremko ambapo breki ikikudanganya mara moja tu, umeisha. Hajasomea umakanika popote. Alijifunza kwa kuogopa, na kwa kuuliza maswali mpaka mafundi wakamchoka.

Jumanne asubuhi, baada ya kushusha watu wake, akatafuta barabara tupu kule nyumba mpya bado zinajengwa. Akaenda themanini bila kugusa breki. Gari imetulia kabisa. Kwa hivyo si tairi, si balansi. Akakanyaga breki polepole: usukani ukatikisika. Akasikiliza kiti kwa makalio, ndiyo, hivyo ndivyo inafanywa. Kiti kimetulia. Kama shida ingekuwa nyuma, kiti ndicho kingetikisika kwanza. Kwa hivyo ni diski za mbele. Dakika kumi, bila stempu.

Akaenda Sanaiya, mtaa wa magaraji, kwa Oloo, fundi wa Siaya anayejulikana na kila dereva Mkenya kwa mikono mizuri na mdomo mbaya.

"Ameru wamefika! Umeniletea viazi?"

"Nimekuletea kazi. Fungua magurudumu ya mbele."

"Sasa unaniambia kazi yangu?"

"Naona usipoijua wewe, nitakuambia mimi. Leta ile saa ya kupima."

Oloo akacheka, akafungua. Akafunga ile saa yenye mshale, akazungusha diski taratibu. Kama diski iko sawa, mshale hausongi. Huu ulikuwa unaruka. Kawira akamwambia aivue kwanza, asugue kutu nyuma yake, apime tena, maana uchafu kidogo tu unaweza kuilaza upande. Oloo akasugua, akapima. Mshale bado unaruka. Upande wa pili, hivyo hivyo.

"Zimepinda," Oloo akasema. "Na ni nyembamba, siwezi kuzichonga. Lakini diski haipindi hivi bure. Dere, gari unaosha saa ngapi?"

Kawira akatazama rimu.

Madam hapendi vumbi kwenye rimu. Kwa hiyo kila siku, gari ikitoka haiwei, nje joto ni digrii arobaini na tano, breki zimeiva, Kawira alikuwa akizima injini, anachukua mpira wa maji, anaanzia magurudumu. Maji baridi juu ya chuma moto, huu mwaka wa tatu. Tena alijisifu kwa huo usafi.

"Ni mimi," akasema.

"Ni wewe. Lakini skiza, sister, mwambie zimezeeka tu. Nani atajua?"

"Halafu kesho? Nikiacha kuosha ananiuliza mbona rimu chafu. Nikiosha, siku moja niko hapa tena nikitazama hiyo sura yako."

"Sura yangu imekukosea nini?"

"Weka diski mpya, Oloo. Na pedi."

Kawira akamsimamia mpaka mwisho. Oloo alipochukua ile mashine ya kupiga nati kwa kelele, yeye akamnyang'anya. Nati zikakazwa kwa spana ya mkono, kwa msalaba, zote nguvu moja, ili diski isivutwe upande. Kisha akarudi ile barabara tupu kuzoesha breki: anafika sitini, anapunguza polepole bila kusimama, mara kumi, halafu anaziacha zipoe.

Jumatano mchana alimchukua madam West Bay, wakaingia haiwei. Hakungoja aulizwe.

"Madam, hakuna kitu nimegonga. Lakini kosa ni langu. Nilikuwa namwagia breki maji zikiwa moto. Kuanzia sasa gari ikifika, inakaa nusu saa na vumbi lake kabla nioshe. Ukitaka rimu safi mara moja, diski zitapinda tena."

Madam akainama mbele kutoka kiti cha nyuma.

"Garage ilisema ni wewe. Wewe pia unasema ni wewe."

"Ndiyo. Lakini yangu ni ukweli."

"Funga breki."

Kawira akaangalia kioo, nyuma kuko wazi. Akakanyaga. Landcruiser ikashuka kutoka mia bila kutikisika, mikono yake imelala tu kwenye usukani.

"Tena."

Akakanyaga tena. Madam akatoa simu, akampigia mumewe, Kiarabu cha kasi. Kawira alishika maneno mawili tu: jina lake, na *mafi mushkila*, hakuna shida.

Simu ikakatwa.

"Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi," madam akasema. "Watoto wanne. Kiti cha mdogo kifunge wewe mwenyewe. Simwamini mtu mwingine."

"Sawa, madam."